Arusha au Moshi? Kwa mwenye fildi ya jiografia ya binadamu, dhana kwa dhana

Kila ikikaribia fildi, ule utafiti wa nje ya darasa, wadogo zangu wa chuo wanakuja na swali lile lile, "kaka nifanyie Arusha au Moshi?", na ukimuuliza dogo mbona umeng'ang'ania Arusha anakwambia shangazi yake anakaa Sakina kwa hiyo atalala bure. Sawa, hiyo ni sababu nzuri ya kulala, ya utafiti bado. Miji yenyewe imeachana kama kilomita 80 tu, unapanda Kosta pale stendi ya Moshi na hata ikisimama simama njiani masaa mawili uko Arusha, ila kwa mtu anayesoma jiografia ya binadamu ni vitu viwili tofauti kabisa, kuna dhana ukiipeleka Arusha inakueleza kila unachokiona barabarani na hiyo hiyo ukiipeleka Moshi utaishia kuilazimisha kwenye sura ya nne ya andiko lako, na zipo za kinyume chake. Kwa hiyo anza na dhana, mji uje baadae. Na niseme mapema nina upande, kwenye mengi ya hapa chini mimi ni mtu wa Moshi, ila pale Arusha inaposhinda ntasema imeshinda.

MSONGAMANO WA WATU

Tuanze na hii maana ndo inadanganya wengi. Sensa ya 2022 ilikuta Jiji la Arusha lina watu 617,631 na Manispaa ya Moshi 221,733, basi mtu anaona hizo namba anasema bila kufikiria kwamba Arusha ndo kumejaa. Mjini sawa. Sasa toka mjini uangalie mkoa mzima. Mkoa wa Arusha una watu 2,356,255 kwenye kilomita za mraba elfu 37 na ushee, Kilimanjaro ina 1,861,934 kwenye elfu 13 na kidogo. Chukua kikokotoo ugawe mwenyewe, Arusha inakuja kama watu 63 kwa kilomita ya mraba na Kilimanjaro kama 140, yaani mkoa wenye mji mdogo ndo umebanana zaidi ya mara mbili! Sababu haijifichi, Arusha ina Ngorongoro, Longido na Monduli ndani yake, nchi ya ng'ombe na wanyamapori, unaendesha gari muda mrefu unakutana na boma moja moja.

Na hapo bado hujafika kwenye utamu wenyewe. Hiyo 140 ni msongamano wa hesabu tu, umegawa watu kwa ardhi yote hata ile isiyokalika, na Kilimanjaro ardhi isiyokalika ni nyingi, kuna kilele cha mita 5,895 hakuna anayelima barafu, kuna msitu na hifadhi, kuna tambarare kavu za upande wa Same na Mwanga. Ukigawa watu kwa ardhi inayolimika peke yake picha inabadilika kabisa, ule ukanda wa vihamba, yale mashamba ya familia ya Wachaga, kuanzia kama mita 1,000 mpaka 1,800 hivi, Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, Marangu mpaka unazunguka Rombo, unakuta mamia ya watu kwenye kilomita moja ya mraba na wote wanalima. Ukipita kwa miguu huoni kijiji kimeishia wapi, ni nyumba mgomba kahawa nyumba mgomba kahawa, na mfongo, yaani mfereji wa maji, unakatiza katikati. Kwa kuonyesha tofauti ya hizi namna mbili za kupima msongamano sijui sehemu nyingine kaskazini inayoshinda hii, na supavaiza akikuuliza kwa nini umechagua eneo hili una jibu la kijiografia, sio la shangazi.

Moshi imechukua hiyo, tena mapema.

MPANGILIO WA MAKAZI

Hapa miji inalingana. Vitabu vinakufundisha makazi ya mtawanyiko, makazi yaliyokusanyika na makazi ya mstari, halafu vinakuacha uamini kwamba mtawanyiko maana yake watu wachache. Kihamba kinavuruga hiyo habari, kila familia iko kwenye kiwanja chake katikati ya migomba yake, hakuna kitovu cha kijiji, kwa hiyo ni mtawanyiko kwelikweli, ila umebanana. Swali zuri la utafiti limekaa hapo. Arusha nayo inakupa aina zote kwa safari fupi, miteremko ya mlima Meru kwa Wameru na Waarusha utaona migomba na kahawa vilevile, ukishuka upande wa Kisongo na Monduli unakuta maboma ya Wamasai, makazi yaliyokusanyika kuzunguka mifugo, na ukipita barabara kuu Tengeru, Usa River, Maji ya Chai mpaka Kikatiti ni makazi ya mstari, nyumba na maduka yamejipanga lami pande mbili. Unataka kina nenda Moshi, unataka aina nyingi za kulinganisha nenda Arusha.

ENEO LENYEWE NA UHUSIANO WAKE NA MAENEO MENGINE

Wanafunzi wengi wanazichanganya hizi mbili wakati ni rahisi. Ya kwanza ni pale mji ulipokaa kuko vipi, maji, mteremko, udongo, joto. Ya pili ni huo mji unaungana na nini, njia, mipaka, masoko, miji mingine.

Moshi ni mfano wa darasani kabisa. Wajerumani walikaa kwanza juu Old Moshi, kwenye utawala wa Mangi Meli ambaye walimnyonga mwaka 1900, na huko juu eneo lenyewe ni zuri, baridi, maji ya mlima. Reli ya kutoka Tanga ilipofika 1911 haikupanda mlima, ilisimama chini kwenye joto, na mji ukaifuata. Yaani uhusiano uliushinda uzuri wa eneo. Mpaka leo mji uko chini na stesheni iko pale pale upande wa chini wa mji, na treni ya abiria ya kutoka Dar iliyokuwa imekufa miaka mingi ilirudi 2019.

Arusha ni ngumu zaidi kueleza na ndo maana naona inafaa kwa mtu wa shahada ya pili kuliko wa kwanza. Eneo lenyewe ni zuri, kama mita 1,400 juu ya bahari, chini ya Meru, mito inashuka, Wajerumani wakajenga boma hapo karibu na 1900. Ila kwa muda mrefu ulikuwa mji wa pembeni, reli yenyewe ilitokea Moshi na ikafika 1929. Kilichoupaisha ni mahusiano yaliyobadilika badilika, makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yakawekwa hapo 1967, mwaka huo huo wa Azimio la Arusha, jumuiya ikavunjika 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa mpaka 1983, watalii waliozoea kuingia Serengeti kwa kutokea Nairobi wakakatika, afu baadae utalii ukarudi ila sasa ukiwa na kituo chake Arusha, mkataba wa jumuiya mpya ukasainiwa hapo hapo 1999, mahakama ya umoja wa mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ikakaa mjini mpaka 2015, na Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu ipo. Eneo halikusogea hata mita moja muda wote huo ila thamani yake ilipanda ikashuka ikapanda. Arusha inashinda, tena sana, ila jiandae kusoma historia.

UHAMIAJI

Hii ndo dhana inayoandikiwa na kila mtu, na hapa usiulize mji upi ni bora, uliza unataka ncha ipi ya safari. Moshi ni wanakotoka watu. Arusha ni wanakofikia.

Angalia namba. Jiji la Arusha lilikuwa na watu 416,442 sensa ya 2012, miaka kumi baadae 617,631, limekua kama asilimia 48. Manispaa ya Moshi ilikuwa 184,292 ikaja 221,733, kama asilimia 20. Sasa nchi nzima ilitoka milioni 44.9 kwenda 61.7, kama asilimia 37. Moshi inakua taratibu kuliko nchi yenyewe! Mji ambao una mlima uliojaa watu juu yake, ulitegemea wote washuke waujaze, hawaujazi, wanapita.

Kwa nini wanapita, hapo ndo utatumia sababu za kusukuma na za kuvuta. Everett Lee mwaka 1966 aliongeza kitu ambacho wengi wanakiruka, kwamba kati ya kinachosukuma na kinachovuta kuna vikwazo vya njiani na kuna mambo binafsi ya mhamiaji. Uchagani mambo binafsi yanaanza na umezaliwa wa ngapi. Kwa mila kitinda mimba anabaki na kihamba cha baba, wa kwanza naye ana fungu lake, hawa wa katikati wanajitafutia. Ardhi ikishagawanywa vizazi kadhaa inabaki vipande ambavyo hata vya wale wawili havitoshi, kahawa nayo bei ikayumba, basi kijana anaenda Kariakoo, Mwanza, popote penye biashara. Ravenstein alishaandika 1885 kwamba wengi wanahama umbali mfupi na wanaenda kwa hatua, hiyo ya hatua unaweza kuifuatilia vizuri tu, Rombo, Himo, Moshi, afu Arusha au Dar, ila hiyo ya umbali mfupi nadhani Wachaga watakupa kazi ya kuipinga na hapo ndo utamu wa andiko lako ulipo.

Kasoro ya kufanyia Moshi ni kwamba wahamiaji wenyewe hawapo, utahoji waliobaki, mama, bibi, mdogo wa mwisho, wakueleze habari za mtu aliyeondoka. Arusha unamhoji mhusika mwenyewe. Kule unakutana na mtu wa Singida anauza mitumba soko la Kilombero, Mrangi, Mpare, dalali wa madini, mpagazi wa mlimani, dereva wa watalii. Na Arusha ina historia ya watu kuhamishwa kwa nguvu pia, Wameru walitolewa Engare Nanyuki 1951 kupisha walowezi na mwakilishi wao Kirilo Japhet akaenda mpaka Umoja wa Mataifa 1952 kulalamika, kwa hiyo anayetaka kuandika tofauti ya kuhama kwa hiari na kuhamishwa ana pa kuanzia.

Angalizo moja hapo kwenye hiyo asilimia 48. Mipaka ya jiji sio mwisho wa mji. Ngaramtoni, Kisongo, Tengeru, Usa River ziko halmashauri nyingine ila watu wake asubuhi wote wanaingia mjini, ukihesabu jiji tu umeuacha mji nusu nje. Watahini wanapenda sana kuuliza hii.

MUUNDO WA NDANI YA MJI

Arusha, bila mjadala. Moshi mji mdogo, umepangwa, unauzunguka kwa miguu, ukishasema katikati kuna biashara, Majengo na Pasua kuna watu wa kawaida na Shanty Town kuna wenye hela, umemaliza kurasa mbili umebaki huna la kusema.

Arusha unaweza kuzipima zile modeli tatu za muundo wa mji zote. Burgess aliichora Chicago 1925 kwa duara moja ndani ya lingine, maskini karibu na kati na matajiri nje. Hoyt 1939 akasema hapana, ni vipande kama vya keki vinavyofuata njia. Harris na Ullman 1945 wakasema mji una vitovu vingi. Peleka Burgess Arusha uone anavyohangaika, Uzunguni iko karibu kabisa na kati kwa sababu mkoloni aligawa mji kwa rangi, Wazungu upande huu, Wahindi kwenye maduka, Waafrika Kaloleni, Levolosi na Ngarenaro, na mito kama Naura ikawa ndo mpaka. Hakuna mduara hapo. Hoyt anajitahidi kidogo ukifuata barabara ya Njiro au ukipandisha Ilboru, na upande wa Unga Limited kwenye viwanda. Ila anayeenea ni Harris na Ullman, maana una Mnara wa Saa na ofisi za kimataifa, una Soko Kuu na Kilombero, una Njiro na maisha yake, afu Kwa Mrombo na Muriet kumejengeka haraka na kuna soko na kila kitu mtu haji mjini bila sababu. Modeli zote za Wamarekani lakini, usisahau kuandika kwamba hazikuwaza mji uliogawanywa na serikali ya kikoloni.

SEHEMU KUU NA ENEO LINALOHUDUMIWA

Christaller alisoma kusini mwa Ujerumani akaandika 1933 kwamba miji inajipanga kwa ngazi, huduma ndogo zinapatikana kila mahali na kubwa zinapatikana sehemu chache, kwa sababu kila huduma ina idadi ya chini ya wateja inaowahitaji na ina umbali ambao mtu yuko tayari kusafiri. Hapa hupaswi kuchagua mji, chukua barabara. Kaa kwenye Noah au Kosta kutoka Moshi, hesabu Kwa Sadala, Boma Ng'ombe, njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, Tengeru, na kila unaposhuka andika kuna nini, duka la dawa, benki, gereji, hospitali, sekondari. Utaona ngazi zinajitokeza zenyewe. Nenda Tengeru Jumamosi ya soko uone jinsi gulio linavyokusanya wateja ambao siku za kawaida hawatoshi kufungua maduka ya kudumu.

Na ukishafanya hivyo utakutana na mtego mzuri. Arusha ni karibu mara tatu ya Moshi kwa watu, kwa hiyo Christaller anategemea huduma za ngazi ya juu ziwe Arusha. Ila hospitali ya rufaa ya kanda ni KCMC, iko Moshi tangu 1971, na wagonjwa wa Arusha, Manyara na Tanga wanapelekwa huko. Bodi ya Kahawa makao yake Moshi. Chuo Kikuu cha Ushirika kiko Moshi na hilo halikuja tu, ni ule ushirika wa wakulima wa kahawa uliozaa KNCU, chama chao kikuu, miaka ya 1930. Kwa hiyo kwa diplomasia na utalii Arusha iko juu, kwa rufaa na kahawa iko chini ya Moshi. Mimi ningekuwa naanza upya hii ndo ningeandika, tena ningeiandika kwa furaha.

ZA HARAKA HARAKA

Matumizi ya ardhi kwa von Thünen, yule wa 1826 na miduara yake ya maziwa na mboga karibu na mji, usimpeleke Moshi kama hutaki ugomvi, yeye aliwaza nchi tambarare na Moshi kinachoamua nini kilimwe wapi ni urefu wa mlima, mahindi chini, kahawa na ndizi juu, na kusini kwenye joto miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC. Kama unataka kuonyesha nadharia inavunjika basi peleka. Hisia za mtu na mahali pake, Moshi, ukiuliza tu watu wanazikwa wapi na kwa nini umeshapata sura nzima, maana Mchaga anaweza kuishi Dar miaka arobaini ila jeneza linarudi kihambani. Utandawazi, Arusha.

GHARAMA NA USUMBUFU

Barua ya chuo inapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani au kwa mkurugenzi, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa au kijiji, huko na huku ni njia ile ile, ila Arusha ukigusa kata za pembeni ya jiji ujue unaweza kuangukia halmashauri mbili au tatu na kila moja inataka barua yake. Chumba na chakula Arusha vina bei ya mji wa watalii. Moshi kwa hela hiyo hiyo unakaa vizuri ila joto la mjini ulivumilie. Masika ya Machi mpaka Mei usipange kupanda vihambani, boda zinateleza na wewe utateleza. Na wazee wa juu wengine wanajieleza vizuri zaidi kwa Kichaga, tafuta kijana wa hapo hapo akusindikize, shikamoo kwanza na dodoso baadae, bibi hajibu maswali ya mtu asiyejua kusalimia.

Kwa hiyo mwenye mwezi mmoja na hela ya mawazo, mimi namwambia Moshi, maana kwa nauli ndogo ya siku moja anatoka miwa ya TPC anapita mjini anapanda mpaka msitu unapoanzia Marangu au Kibosho na msongamano, makazi, ardhi na uhamiaji amevipitia vyote. Mwenye muda na anayetaka mji wenyewe, aende kwa shangazi Sakina.

Ila ukichagua Moshi angalia na mwezi. Sensa yetu inahesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, na ile ya 2022 ilikuwa Agosti 23, Wachaga wa Dar na Mwanza walihesabiwa huko huko walikolala. Nenda vijiji vile vile wiki ya Krismasi uone, magari yamejaa mpaka njia za migombani, nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinatoa moshi wa nyama. Kama andiko lako ni la idadi ya watu au uhamiaji, gawa fildi mara mbili, Agosti au Septemba kidogo na Desemba kidogo, hapo Desemba utawapata na wale wahamiaji ambao nilisema hawapo, wamekaa nyumbani wana mbege, pombe ya ndizi, mkononi na muda wa kuongea. Tiketi ya kurudi tu ikate mapema, wiki ya kwanza ya Januari mabasi ya kutoka Moshi hayana siti.